Matope Hayapigi Kura

Kwa hesabu rasmi, ambazo wengi hawajazikubali hadi leo, marehemu Raila Odinga alipata asilimia 44.07 ya kura za urais wa Kenya mwaka 2007. Mwaka 2013 akapata 43 na ushei. Mwaka 2017, katika uchaguzi wa Agosti ambao Mahakama ya Juu iliufuta tarehe 1 Septemba, akapata 44.74. Ziweke namba hizo tatu mezani, kisha ukumbuke yaliyopita katikati yake. Mwaka 2007 ilisambazwa hati iliyodai kwamba amewaahidi Waislamu utawala wa sharia, hadi kambi yake ikalazimika kuianika hati yenyewe ya makubaliano. Simu za mkononi zilijaa ujumbe wa chuki dhidi yake na dhidi ya watu wake. Mwaka 2017 kampuni ya Harris Media, yenye makao yake Texas, ilitengeneza tovuti ya kumfichua "Raila halisi" pamoja na video fupi iliyochora Kenya ya mwaka 2020 chini ya utawala wake: njaa, maradhi, ugaidi, makabila mazima yakiondolewa. Matangazo hayo yalipandikizwa hadi kwenye Google, yakimsubiri Mkenya aliyekwenda kutafuta habari za uchaguzi. Miaka kumi ya kazi hiyo, na asilimia ya mtu huyo ilipanda na kushuka kwa kiasi kisichofika mbili.

Pamoja na hayo, kila msimu wa uchaguzi unapokaribia tunasomewa somo lile lile. Mchambuzi redioni analisema kama mtu aliyekwisha kuukubali ukweli mchungu. Mratibu wa kampeni analisema akiomba fedha zaidi. Waandishi wenzangu wanaliandika kama jambo lisilohitaji ushahidi. Watu hudai hawapendi siasa za majitaka, ndivyo tunavyoambiwa, lakini ndizo zinazowashika. Mchafue mwenzako ushinde, kwani ukijifanya muungwana utabaki na uungwana wako nje ya Ikulu. Imani hii imewashika washindi na walioshindwa sawia, na ndiyo inayoamua mamilioni ya shilingi yaende wapi. Naipinga kwa sababu haina msingi, na kwa sababu gharama yake tumeilipa kwa maiti.

Najua jibu la kwanza nitakalopewa: Raila si alishindwa mara zote hizo? Alishindwa, au alitangazwa ameshindwa. Lakini kazi ya tangazo la kuchafua ni kumtoa mpiga kura alikokuwa na kumpeleka kwingine, au angalau kumfanya abaki nyumbani. Waliokuwa naye mwaka 2007 ndio waliokuwa naye mwaka 2017, kwa uwiano ule ule. Na kushinda kwa aliyechafua hakuthibitishi kitu. Katika uchaguzi ambao kila upande unarusha matope, mshindi atakuwa mrushaji siku zote, na aliyeshindwa pia. Sisi huwa tunawahesabu washindi peke yao, kisha tunashangaa kwamba wote mikono yao ni michafu.

Swali la nini kingetokea bila tangazo lina njia moja ya kulijibu kwa uaminifu. Wachukue watu wengi, uwagawe kwa bahati nasibu, hawa waone tangazo na wale wasilione, kisha ulinganishe. Kazi hiyo imefanywa. Alexander Coppock, Seth Hill na Lynn Vavreck walichapisha mwaka 2020 matokeo ya majaribio 59 kwa watu wapatao 34,000, wakitumia matangazo 49, mengi yakiwa ya kampeni ya urais wa Marekani ya mwaka 2016. Tangazo lilisogeza nia ya kupiga kura kwa kiasi kisichofika hata asilimia moja. Na hapa ndipo penye uzito kwa hoja yangu: matangazo ya kushambulia hayakuyashinda matangazo ya kusifu. Kabla yao, mwaka 2007, Richard Lau na wenzake wawili walikusanya tafiti 111 zilizowahi kufanywa kuhusu kampeni za kuchafuana na kuzipima kwa pamoja. Walikuta kwamba mashambulizi hukumbukwa zaidi na watu. Walikuta pia kwamba kukumbukwa huko hakugeuki kura, na kwamba mshambuliaji mwenyewe huelekea kupoteza mapenzi ya watu pamoja na yule aliyemshambulia. Kitu kingine kilichopungua ni imani ya wananchi kwa serikali.

Huko kukumbukwa ndiko kunakotupoteza. Kaa Jaws Corner, Mji Mkongwe, jioni ya msimu wa kampeni. Kahawa inamiminwa, vikombe vinazunguka, na kijana mmoja anamwelekezea mzee simu yake. "Mzee wangu, hebu msikie huyu." Mzee anaitazama video hadi mwisho, bila kupepesa, anamrudishia simu na kusema, "Hii wameipika, mwanangu." Kesho yake mzee yule anaweza kukusimulia video ile picha kwa picha, neno kwa neno, na hata kuigiza sauti. Aliyeitengeneza akipita pale atafurahi: tangazo limeingia, linazungumzwa barazani, watu wanalijua kwa moyo. Kura ya mzee haijaenda popote. Na wale waliocheka kwa sauti kubwa zaidi walikuwa wa chama kile kile hata kabla simu haijawashwa. Baraza nzima imeonyeshwa uchafu wa mtu, na usiku huo kila mmoja anarudi nyumbani na kadi yake ya zamani mfukoni.

Waumini wa siasa chafu wana hadithi zao mbili wanazozipenda, zote za Marekani, nami nitazipitia haraka. Ya kwanza ni tangazo la msichana na ua, lililorushwa tarehe 7 Septemba 1964 likimtisha mpiga kura kwamba Barry Goldwater ataleta vita vya nyuklia. Lilirushwa mara moja tu kama tangazo la kulipiwa, na Lyndon Johnson alikuwa mbele kwa mbali tayari. Akashinda kwa asilimia 61. Ya pili ni tangazo la mwaka 1988 lililotumia sura ya mfungwa Mweusi, Willie Horton, kumwangamiza Michael Dukakis. Tangazo hilo lilianza kuonyeshwa Septemba. George Bush alikuwa ameshampita Dukakis Agosti, baada ya mkutano mkuu wa chama chake, uchumi ukiwa unakua na Rais Reagan akiondoka huku akipendwa. Hadithi hizi zimedumu kwa sababu ni nzuri kusimulia. Hakuna anayesimulia kampeni ya Hillary Clinton ya mwaka 2016, iliyomwaga fedha nyingi kuliko mpinzani wake kwenye matangazo, sehemu kubwa ikimsema Donald Trump kuwa mtu asiyefaa, ikasahau kuwaambia watu itawafanyia nini. Wala chama cha Conservative cha Uingereza, ambacho mwaka 1996 kilimbandika Tony Blair macho mekundu ya shetani kwenye mabango, na Mei mwaka uliofuata Labour ikachukua viti 418.

Mtu ataniambia hao ni Wazungu na utafiti wao. Sisi tuna namna yetu. Vema, tuje nyumbani.

Januari 1961 Zanzibar ilipiga kura. ASP ilipata viti 10, ZNP viti 9, ZPPP viti 3. Wale watatu wa ZPPP wakagawanyika, pande mbili zikawa 11 kwa 11, na serikali ikashindikana. Ukaitishwa uchaguzi mwingine Juni, na jimbo moja likaongezwa ili kusiwe na sare tena. Kwa hiyo visiwa vilikuwa na miezi mitano ya kampeni, na wazee wetu wa zama za siasa wanajua miezi hiyo ilikuwaje. Magazeti ya vyama yalitukanana kila toleo. Upande mmoja ulihubiri kwamba Hizbu, yaani ZNP, wakishika nchi utumwa utarudi. Upande wa pili ulihubiri kwamba ASP ni chama cha watu wa kuja, wa bara, wasio na haki ya visiwa. Watu walisusiana maduka na mabasi. Walisusiana hata maziko, jambo ambalo kwa Mzanzibari ni zito kuliko tusi lolote.

Juni ikafika, kura zikahesabiwa. ASP viti 10. ZNP viti 10. ZPPP viti 3. Ukiliondoa lile jimbo jipya, hesabu ya viti ya Juni ndiyo ile ile ya Januari. Yale yote yaliyoandikwa na kupigiwa kelele kwa miezi mitano hayakuhamisha kiti kimoja kutoka chama kimoja kwenda kingine. Lakini siku ya kupiga kura, na siku chache zilizofuata, waliuawa watu 68, wengi wao Waarabu, na mamia wakajeruhiwa. Nimeyarudia mahesabu haya mara nyingi na kila mara naona kitu kile kile: maneno yaliyoshindwa kubadilisha hesabu ya viti yalifaulu kumbadilisha jirani. Anayesema siasa chafu "inafanya kazi" aseme inafanya kazi gani.

Kisa cha Tanzania Bara ni cha karibu zaidi, na kinawaudhi watu wa pande zote ninapokitaja. Tangu Februari 2008, alipojiuzulu uwaziri mkuu kwa sakata la Richmond, Edward Lowassa aliitwa fisadi majukwaani. Waliomwita hivyo kwa sauti kubwa kuliko wote walikuwa Chadema. Jina lake lilikuwemo hata kabla ya hapo, kwenye orodha ya aibu aliyoisoma Dk. Willibrod Slaa uwanja wa Mwembeyanga, Temeke, Septemba 2007. Kwa miaka minane wanachama wa Chadema walisikia, wakarudia, wakaimba. Kama kuna tope lililowahi kupakwa kwa bidii na kwa muda mrefu katika siasa zetu, ni hilo. Kisha Julai 2015 CCM ikalikata jina la Lowassa, naye akahamia Chadema, na chama kile kile kikamsimamisha kugombea urais kwa niaba ya Ukawa, umoja wa vyama vya upinzani.

Kwa mujibu wa imani inayotawala, wapiga kura wa upinzani walipaswa kumkimbia. Dk. Slaa alimkimbia kweli, akatangaza kuachana na siasa, na namheshimu kwa hilo. Wapiga kura hawakukimbia. Lowassa alipata kura 6,072,848, karibu asilimia 40. Ukijumlisha za Slaa na za Profesa Lipumba wa CUF mwaka 2010 hazifiki asilimia 36. Watu wale wale waliosomewa uchafu wake kwa miaka minane walipanga foleni juani wakampigia. Na upande wa pili likatokea jambo hilo hilo kinyumenyume: makada wa CCM waliokuwa wakimtetea mwezi Julai, Agosti wakaligundua neno fisadi. Hakuna ushahidi mpya uliotolewa kati ya miezi hiyo miwili. Kilichobadilika ni jezi. Aliyemtaka Lowassa aliliona tope kuwa la wivu. Asiyemtaka aliliona kuwa ukweli. Msikilizaji ndiye aliyeamua, na alikuwa ameamua kabla.

Kenya ya mwaka 2013 inaongeza jambo ambalo watengenezaji wa matangazo hawapendi kulitaja: shambulio linaweza kumjenga anayeshambuliwa. Uhuru Kenyatta na William Ruto waligombea wakiwa wameshtakiwa katika Mahakama ya Kimataifa ya Jinai, kwa makosa mazito kabisa yanayohusiana na vita vya baada ya uchaguzi wa 2007. Ungemtafutia mpinzani wako doa kubwa kuliko hilo ungelipata wapi? Johnnie Carson, aliyesimamia masuala ya Afrika katika wizara ya mambo ya nje ya Marekani, akawakumbusha Wakenya kwamba maamuzi yana matokeo yake. Katika mdahalo wa Februari, Raila akasema mbele ya taifa zima kwamba itakuwa vigumu kuendesha serikali kwa Skype kutoka The Hague. Watu walicheka, na kauli ile inakumbukwa hadi leo kuliko sera yoyote iliyotajwa usiku ule. Kule Bonde la Ufa na Mlima Kenya, kila aliyelitaja The Hague aliwazidishia watu sababu ya kujikusanya. Mashtaka yakageuzwa kuwa dhuluma ya wageni dhidi ya watoto wao, mikutano ya maombi ikafanywa, na jamii mbili zilizouana mwaka 2008 zikapiga kura pamoja. Uhuru akatangazwa mshindi kwa asilimia 50.07.

Basi kama hali ni hiyo, kwa nini imani hii haifi? Mwamba ngoma, ngozi huvutia kwake. Machi 2018 Channel 4 ya Uingereza ilionyesha picha zilizorekodiwa kwa siri za wakubwa wa Cambridge Analytica, na mmoja wao, Mark Turnbull, akijisifu kuhusu kazi yao Kenya: wamekibadilisha chama sura mara mbili, wameandika ilani, wamewahoji watu 50,000 kwa awamu mbili. Afrika Mashariki nzima ilishtuka. Magazeti yaliandika kana kwamba ametoa ushahidi kizimbani. Wachache walijiuliza alikuwa akizungumza na nani. Alikuwa akizungumza na mtu aliyedhani ni mteja, wakala wa tajiri wa Sri Lanka, katika kikao cha kuuza huduma. Muuzaji alikuwa akisifia bidhaa yake, sisi tukaichukua sifa hiyo kuwa ukweli kuhusu nchi yetu. Jubilee, chama cha Uhuru, wenyewe walisema kampuni hiyo iliwafanyia kazi ya chapa na sura ya chama tu; wana sababu zao za kupunguza, kama yule alivyokuwa na sababu zake za kuongeza. Miaka miwili baadaye, Oktoba 2020, ofisi ya Uingereza inayosimamia taarifa binafsi ilimaliza uchunguzi wake na kusema kwamba mbinu za kampuni hiyo zilikuwa, kwa sehemu kubwa, za kawaida na zinazopatikana kwa yeyote, na kwamba hata ndani ya kampuni walikuwepo wenye mashaka na usahihi wake.

Simulizi la uchawi wa London lilitudhuru kwa njia nyingine. Lilituondoa kwenye jambo lenyewe. Mahakama ya Juu ya Kenya haikuufuta uchaguzi wa Agosti 2017 kwa sababu ya video. Iliufuta kwa sababu ya namna matokeo yalivyopelekwa na kujumlishwa: fomu, seva, taratibu zilizovunjwa. Aliyetaka kujua nini kiliharibika mwaka ule alipaswa kutazama huko. Badala yake wasomi na wanaharakati wengi walitumia mwaka mzima wakizungumzia akili za Wakenya zilivyoibwa, kana kwamba mkulima wa Nyeri na mvuvi wa Homa Bay hawakujua wanampigia nani mpaka kampuni ya kigeni iwaambie. Naliona hilo kuwa dharau, na linanikera zaidi linapotoka kwa watu wanaojiita watetezi wa wananchi.

Nisieleweke vibaya. Sisemi mgombea akae kimya juu ya maovu ya mwenzake. Ile siku ya Mwembeyanga Dk. Slaa alitaja majina, akataja tuhuma zenyewe, akawataka waliotajwa waende mahakamani kama amewasingizia. Mnamo Januari 2008 gavana wa Benki Kuu aliondolewa kwa sababu ya wizi wa akaunti ya EPA, na mwezi uliofuata waziri mkuu akajiuzulu. Chadema, iliyopata chini ya asilimia 6 ya kura za urais mwaka 2005, ikapata robo na zaidi mwaka 2010. Hapa ndipo wapinzani wangu watanibana: hiyo si siasa ya kushambulia, na haikuleta kura? Ilishambulia, ndiyo, na pengine ilileta. Lakini kile kilikuwa kitu kinachoweza kuhakikiwa, kilihusu fedha za umma, na kiliandamana na ahadi ya elimu bure na katiba mpya. Mpiga kura alipewa taarifa asiyokuwa nayo na sababu ya kuhama. Kumwita mtu mgonjwa, mchawi, mgeni, mwenye laana, au kumchora amesimama juu ya maiti ambazo bado hazijafa, hakumpi mpiga kura taarifa yoyote. Wanaouza siasa chafu hupenda kuvichanganya vitu hivi viwili, kwa sababu heshima ya cha kwanza ndiyo inayoficha ufukara wa cha pili.

Tofauti hiyo ilionekana wazi Kenya mwaka 2022. Dhidi ya William Ruto kulikuwa na mambo ya kuuliza, likiwemo lililoamuliwa na Mahakama Kuu mwaka 2013, ilipomwamuru amlipe mkulima mmoja shilingi milioni 5 na kuliachia shamba lake. Kambi ya Raila, Azimio, ilichagua kupiga kelele za mwizi kwenye mikutano, usiku na mchana. Ulipofika mdahalo wa Julai, Raila alikataa kwenda, akisema hawezi kusimama jukwaa moja na mtu asiye na maadili. Ruto akasimama peke yake dakika tisini, akajibu maswali ya ardhi na mali yake bila mtu wa kumkatiza, kisha akarudi kwenye toroli lake na habari ya mama mboga. Akatangazwa mshindi kwa asilimia 50.49.

Mwaka huo huo ulitoa fundisho la pili, kali zaidi. Tangu wapeane mikono tarehe 9 Machi 2018, Uhuru na Raila walikuwa marafiki, na sasa Uhuru aliutaka Mlima Kenya umpigie Raila. Lakini huo ndio mlima uliofundishwa, kwa fedha za chama cha Uhuru mwenyewe, kumwogopa Raila kama maradhi. Najua Ruto aliulima mlima ule kwa miaka, na najua bei ya unga na hasira dhidi ya Uhuru vilichangia, pengine zaidi ya chochote. Hata hivyo tazama ilivyokuwa: matope yale yote hayakumpunguzia Raila kura za Kisumu, Mombasa wala Kakamega mwaka 2017, mahali pekee yalipoganda ni kwa watu ambao hawakuwa wampigie kwa vyovyote. Mwenye matope alipotaka kuyaosha, maji hayakutosha. Chama kilinunua kwa fedha nyingi kitu ambacho hakikuhitaji, na miaka mitano baadaye kitu hicho kikasimama mlangoni kumzuia mwenyewe.

Husemwa pia kwamba hata kama uchafu haumhamishi mtu, unamkatisha tamaa asiende kupiga kura. Stephen Ansolabehere na Shanto Iyengar walilisema hilo kwa nguvu katika kitabu chao cha mwaka 1995, na tangu hapo limekuwa kimbilio la kila aliyeshindwa kuonyesha kura zilizohama. Tafiti zilizofuata hazikulithibitisha kwa jumla, na kwetu hata macho matupu yanalikataa: Kenya ilipokuwa na kampeni za uhasama wa juu kabisa, 2013 na 2017, foleni zilianza kabla ya alfajiri.

Kenya itapiga kura tena Agosti 2027, na fedha za mabango, redio na "timu za mitandaoni" zimeanza kutafutwa. Mweka hazina wa chama chochote anaweza kufanya jambo moja ambalo halihitaji daktari wa falsafa. Mwaka 2006 Rick Perry, gavana wa Texas aliyekuwa akigombea tena, alikubali wataalamu wanne wapange kwa bahati nasibu matangazo yake ya televisheni yaanze wapi na lini. Walikuta matangazo yanasukuma maoni ya watu kwa nguvu, na kwamba nguvu hiyo inakwisha ndani ya wiki moja. Kenya ina wadi 1,450, na mwaka 2022 fomu za matokeo, 34A, za vituo vyote 46,229 ziliwekwa hadharani, kila mtu azijumlishe. Hakuna nchi nyingi duniani zenye takwimu za wazi kiasi hicho. Mtu wa matangazo akija na video yake ya kumchafua mpinzani, apewe wadi zilizochaguliwa kwa kura ya bahati, nyingine ziachwe bila video hiyo, na mkataba uandikwe kwamba malipo yake yatatoka kura zikishahesabiwa, kwa tofauti atakayoionyesha kati ya wadi hizi na zile. Nawaomba waweka hazina wamwekee sharti hilo mezani kabla hawajasaini hundi yoyote.